Jiwe la Shimo la Tatu

Durban, Jumapili ya pili ya mwezi wa nne.
Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mke wangu, Mama Zawadi,

Nakuandikia badala ya kupiga simu, kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitasema "huku salama", na huku si salama. Mvua inanyesha tangu jana asubuhi. Kuna ukuta tunaoujenga juu ya vyumba vya watu, na nguzo moja ya ukuta huo imekaa pabaya kwa sababu ya neno nililosema mimi. Shule niliiacha darasa la tano, lakini udongo naujua, na wewe unaujua, kwa hiyo utanielewa kuliko mtu yeyote niliye naye huku.

Mahali penyewe ni mteremko mkali upande wa Sydenham. Juu kuna kipande cha msitu kilichobaki, chini kuna safu ya vyumba vya matofali na mabati, familia sita. Ukuta ni wa kuzuia mlima usiwashukie. Mashine haipiti kati ya miti na vyumba, ndiyo maana tunachimba kwa mikono: mashimo manane, kila moja lifike kwenye mwamba, lisimamishwe nondo, limwagwe zege.

Siku ya kwanza nilipokata udongo wa pale nilikukumbuka wewe. Juu kabisa ni majani yaliyooza, meusi, yamejaa vimizizi kama nywele, na harufu ni ile ile ya shamba letu la juu linalopakana na msitu. Harufu hiyo ilinidanganya. Kwetu ukishavuka weusi unakutana na wekundu, na wekundu unashuka tu, kina cha watu wanne, bila jiwe hata la kumtupia kunguru. Hapa weusi haufiki shubiri. Chini yake kuna tabaka la kijivu, jepesi kama majivu yaliyooshwa, maji yamelifyonza kila kitu chenye nguvu. Halafu koleo linakutana na mfinyanzi wa manjano wenye madoa ya kutu, mzito, unaomvua mtu buti, na ndani yake mawe yamepachikwa kama karanga ndani ya kashata. Tena hayafanani. Hili jeupe, hili jekundu, hili lina nyota nyota. Moja dogo kama yai, jingine kubwa kama mbuzi aliyelala. Chini ya hayo yote ndipo ulipo mwamba wenyewe, wa rangi ya samawati iliyochujuka. Miti inajua mambo haya kuliko sisi. Mmoja ulianguka mwezi wa pili, mizizi yake ilikuwa imetandaa bapa kama ungo. Hakuna hata mmoja ulioweza kushuka.

Msimamizi wetu ni mzee wa Kizulu, tunamwita Baba Themba. Siku moja aliokota jiwe akanionyesha ubavu wake, una mikwaruzo iliyonyooka kama ya msasa.

"Barafu hiyo," akasema.

Nikamwambia, "Baba, mwezi wa tatu huu, nalowa jasho nikiwa nimekaa."

Akacheka. Akanieleza kwamba zamani sana, kabla ya watu, barafu ililala hapa, nene kama milima, ikawa inatembea polepole na kusaga kila ilichokikanyaga. Ikabeba mawe ya huku na ya kule, ilipoyeyuka ikayaacha yamechanganyika na unga wake. Mchanganyiko ule ukagandamana ukawa mwamba. Sasa mwamba unaoza kutoka juu, unageuka mfinyanzi, lakini hauozi sawasawa. Vipande vigumu vinabaki katikati, vya rangi ile ile. Aliniambia haya yote mapema, Mama Zawadi. Siwezi kusema sikuambiwa.

Mama mmoja wa Kikongo, Mama Furaha, anayekaa chumba cha tatu kutoka barabarani, alikuwa anaanika nguo akasikia. Anafanya kazi saluni, na mdomo wake haukai likizo. Akaniuliza, "Papa Zawadi, ile mawe ilitoka mbali hivyo, iko na papiers?" Siku nzima tukawa tunalikagua kila jiwe na kulidai karatasi.

Unakumbuka kisima cha kwa mama yako? Kaka yako alikwenda mnadani akatuacha, ukasema kamba utaivuta wewe. Mimi chini, wewe juu. Kila ndoo uliimwaga mahali pake, ukapanga marundo kwa rangi, na kwa marundo yale ulijua nimefika wapi kabla sijakuambia. Ukaniita, "Baba Zawadi, sasa unanipa udongo wa chungu!" Nami nikajibu kutoka chini, "Basi pika!" Mama yako akatugombeza kwamba kisima si mahali pa michezo. Kisha nikagonga mwamba, nikaupiga kwa kisogo cha sururu, nikausikia ukilia. Kwetu jiwe la kwanza ndilo la mwisho. Ukilifikia, umefika.

Na unakumbuka nilivyosema maji yametosha, na yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu tu. Kiangazi kilipokuja kisima kikakauka. Wewe ulijua tangu siku ile, ukanyamaza msimu mzima, kisha tukiwa tunapalilia ukaniambia bila kuinua uso, "Ulichoka. Ungesema umechoka, ningeshuka mimi." Sikukujibu. Leo nakujibu: ni kweli, nilichoka.

Nimerudia, mke wangu.

Ilikuwa Ijumaa, wiki tatu zilizopita, shimo la tatu. Nilikuwa nimefika kina cha kifua, mgongo unawaka, mikono haifungi tena. Sururu ikagonga jiwe la samawati, pana, limejaza shimo zima. Nikaligonga kwa kisogo kama nilivyozoea. Mwamba wa kweli unalia kwa kirefu, sauti inaondoka chini ya miguu yako na kwenda zake. Jiwe lile lililia kifupi, likajibu pale pale kama mlango uliobishwa. Nilisikia. Masikio yangu hayana kosa lolote katika jambo hili. Nikapaza sauti, "Mwamba!"

Baba Themba akainama ukingoni. "Una uhakika, Mtanzania? Upande ule wa pili tumeshuka zaidi."

"Baba, mimi ni mchimba visima. Nina uhakika."

Wenzangu wakanipigia makofi, wakaniita daktari wa mawe. Jumatatu zege likamwagwa.

Alhamisi hii iliyopita nilikuwa nachimba mtaro wa maji chini kidogo ya nguzo ile ile. Udongo ukaendelea kushuka chini ya pale niliposema ni mwamba. Nikakutana na ubavu wa jiwe langu. Nikaufuata kwa kiganja, ukawa unakunja kuingia ndani, kama tumbo la mtungi. Nikapenyeza mkono chini yake. Uliingia mpaka kiwiko. Ni mfinyanzi mtupu, laini, umelowa.

Wewe huhitaji kuelezwa. Mvua inapita kwenye weusi na kijivu haraka kama kwenye chujio, inafika kwenye mfinyanzi inakataliwa, inageuka kando na kufuata mteremko. Mfinyanzi ule ukishiba maji ni sabuni. Jiwe limekaa juu ya sabuni, nguzo juu ya jiwe, ukuta juu ya nguzo, na mlima unausukuma ukuta. Chini yake alikuwa analala Mama Furaha na watoto watatu.

Alhamisi sikusema kitu. Nilirudisha udongo nikaukanyaga. Nakuandikia hili ili ulijue kutoka kwangu. Ijumaa asubuhi Mama Furaha akatuletea chai na mandazi, kama anavyofanya siku akiwa na unga, akaniuliza, "Papa Zawadi, ukuta yetu iko nguvu?" Nikaliweka andazi chini. Nikaenda kwa Baba Themba na buti zangu zote za matope.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Eish," akasema. "Unajua unachosema? Nilisaini kwa neno lako."

"Najua, Baba."

"Nilikuuliza. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

"Jumatatu nitamleta mhandisi. Mpaka hapo funga mdomo, wewe. Ukiwatia watu hofu bure, utapanda basi ukiwa na nguo ulizovaa tu."

Jana mvua ikaanza. Nilikaa chumbani kwangu, mtaa wa Cato Manor, nikiisikiliza kwenye bati, mwanzo kidogo kidogo, halafu kwa mkupuo. Nikavaa buti. Nilimkuta Mama Furaha anasuka mtoto.

"Mama Furaha, hama leo. Nguzo hii ya juu yako haikufika kwenye mwamba."

"Nani amesema?"

"Mimi ndiye niliyesema imefika. Nilidanganya."

Akaacha kusuka, kitana kimebaki kichwani kwa mtoto. "Papa Zawadi, mimi nilikimbia vita na hawa batoto, nikiwa nabeba mmoja kwa mgongo. Leo unaniambia nikimbie jiwe? Jiwe haina bunduki."

"Halina bunduki. Lakini halisikii mtu akiomba."

Alinitukana, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na majirani wakatoka kusikiliza. Nilisimama nikapokea. Alipomaliza akaanza kufunga shuka. Wengine walihama naye kwenda ukumbi wa kanisa lao ng'ambo ya barabara. Familia mbili zikakataa, mzee mmoja akasema ameishi hapo kabla mimi sijazaliwa.

Leo asubuhi nimerudi. Maji yalikuwa yanatoka chini ya nguzo ya tatu, mwanzo meupe, baadaye ya manjano. Yakiwa meupe unaweza kuvumilia. Yakiwa ya manjano maana yake mlima umeanza kutoka ndani. Nikachomeka kijiti kwenye udongo mbele ya nguzo, umbali wa kiganja kimoja. Baada ya saa moja kijiti kilikuwa kimegusana na zege.

Baba Themba akatokea akiwa na suti ya ibada. Nadhani na yeye hakulala. Akanikuta naibebea kitanda familia moja ya zile mbili, akajua nimewaambia. Hakunifokea. Alipiga magoti kwenye matope na suruali ile, akaufukua udongo niliourudisha, akapitisha mkono chini ya jiwe, akaunusa. Halafu akampigia mhandisi simu, akamwendea yule mzee aliyekuwa bado anabisha, wakazungumza Kizulu maneno machache, akajitwika godoro la mzee kichwani na kuvuka nalo barabara. Vyumba vyote sita sasa ni vitupu.

Tulipokuwa tumesimama chini ya varanda ya kanisa, maji yanatutiririka, akaniambia bila kunitazama, "Nguzo hiyo tunaivunja mvua ikikatika. Nyingine saba tutazikagua moja moja. Wewe ndiye utakayechimba. Kila jiwe utakalokuta utalizunguka mpaka uone tako lake. Ukikataa, ondoka kesho, sitakutafuta."

Nikamwambia nitachimba.

Ninapoandika hapa nimekaa kwenye benchi la nyuma ukumbini. Mama Furaha hajasema na mimi tena, lakini watoto wake wamelala na koti langu, na hakuliondoa. Kutoka dirishani naiona nguzo. Imeinama kama mtu anayesikiliza. Haijaanguka. Kila gari zito likipita barabarani watu wote humu ndani wanageukia dirisha, halafu wananitazama mimi.

Nilikuahidi mwezi wa sita. Najua umeshapaka chumba chokaa na umeshawaambia watu. Usinitazamie mwezi wa sita. Kazi ya kwenda chini kwa haki, mashimo manane, na mimi na mgongo wangu huu, itakula kipupwe chote cha huku. Nitakuwa nimemaliza mwezi wa tisa ukiishia, kabla mvua zao hazijarudi. Nitafika nyumbani wiki ya pili ya mwezi wa kumi. Na safari hii, kabla sijapanda basi, nitakuwa nimeingia ndani ya kila shimo na kuligonga mwenyewe mara ya mwisho.

Mumeo,
Baba Zawadi