Jembe la Mama Ukutani

Ljubljana, tarehe 6 Oktoba

Kwa kaka yangu Viateur, Mushaki,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii, anayokuletea Sista Verdiane, itakukuta mzima wewe, mkeo Dorothée na watoto, na kwamba ng'ombe wanapata majani sasa mvua imerudi. Ukiuliza habari zangu, mwili hauna neno. Ninakula, ninalala. Ningeweza kukupigia simu, lakini haya siwezi kuyasema kwa sauti, na wewe ungenikatiza.

Nianze na safari. Unajua shule yetu ya kugandisha maziwa yawe fromaji ilitutaka, kabla ya kumaliza, twende kuona wafugaji wa milima ya Balkani. Wenzangu wanne walikodi gari. Nafasi ya tano walimpa mbwa. Usicheke, ni mbwa kweli. Mimi nikaenda kwa basi, kwa treni na kwa miguu. Walinihurumia bure. Aliyekuwa akienda Kalembe kwa shangazi juu ya magunia ya makaa hawezi kulalamikia kiti cha basi.

Kutoka Sarajevo nilipanda treni ya Mostar, inayoshuka ikipita mahandaki na kufuata mto wa kijani. Milimani juu ya Mostar, bibi mmoja alinionyesha fromaji inayokomaa ndani ya ngozi nzima ya kondoo, iliyofungwa miguuni. Mama angeuliza kama watu hao hawakufundishwa kwamba maziwa na nyama havikai chombo kimoja. Nikaandika kwenye daftari: ina chumvi, inavunjika, nzuri. Montenegro nilipita kwa mabasi mawili. Albania kuna vibasi visivyoondoka mpaka vijae, kama pale Sake, dereva akinywa kahawa yake. Kimoja nilikingoja saa tatu na sikuona tabu. Niliona maziwa, madaraja, misikiti na makanisa yanayotazamana. Niliandika yote, na sikusikia kitu moyoni.

Sasa nikuambie sababu. Kila nilipouliza Mama yuko wapi, ulinijibu, "Mama iko ku shamba, kule réseau hakuna, simu haishike." Nilikuamini. Halafu nikakuomba picha ya mlima wetu, kwa hamu ya nyumbani tu, nawe ukanitumia. Iliingia simuni nikiwa ndani ya treni, kabla ya Mostar. Niliikuza kwa vidole. Mvua imenyesha, udongo ni mweusi, wakati wa kupanda maharage, na hakuna hata mtu mmoja anayelima, si kwetu, si kwa jirani yetu Papa Sebarenzi. Mlima mzima umeweka jembe chini. Wewe na mimi tunajua watu wetu hufanya hivyo lini. Na pale karibu na mlango, jembe la Mama limeegemea ukuta, lile lenye mpini uliofungwa mpira wa baiskeli. Kama yuko shambani, analima na nini?

Sikukasirika. Aliye mbali haambiwi kifo kwa simu. Anangojwa afike, akae kwanza. Ningekuwa wewe ningefanya vilevile. Nilishuka Mostar, nikatafuta basi la kupanda milimani. Siku kumi na moja niliendelea na safari, na kila jioni nilikuandikia: nisalimie Mama.

Lakini mimi nilianza kuficha kabla yako. Mwezi wa nane Mama alinipigia kwa simu ya jirani, Mama Constance. Alisema kifua kinamkaza akipanda mlima, na hawezi tena kulala chali. Akaniapisha: "Usiambie Viateur. Atauzisha ngombe juu ya dawa yangu." Nikanyamaza. Nilijiambia nikirudi mwezi wa kumi na moja nitampeleka hospitali mwenyewe. Ningekuambia, ungemshusha Goma siku ileile, hata kwa kumbeba mgongoni. Nilijua hivyo, na bado nilikwenda kununua tiketi ya Sarajevo.

Sijalia. Ninangoja kilio, hakiji.

Sitangoja tena mwezi wa kumi na moja: nitashuka Kigali, nivuke Goma, nifike kwetu Jumamosi ya tarehe 18 mwezi huu. Najua mlima umekwisha kurudi shambani, lakini kile kipande cha Mama cha nyuma ya nyumba msikipande. Kama ukisoma haya bado unaweza kuniita dada, acha jembe lake palepale ukutani, nikipande nalo. Kama huwezi, liingize ndani. Nitauona ukuta mtupu nikiwa barabarani, nami nitaendelea mpaka Kalembe kwa shangazi bila kupiga hodi. Sitakulaumu.

Msalimie Dorothée na watoto, Papa Sebarenzi na Mama Constance. Hapa chini karatasi imekwaruzwa. Ni salamu ya yule niliyezoea kumsalimia mwisho. Mkono ulitangulia kuiandika, nikaifuta.

Ni mimi dada yako mdogo,
Emérita