Kidonge cha Jioni

Kitinda mimba wangu,

Huku hatujambo. Paa la jikoni limezibwa. Dada yako anakusalimu na anauliza kama uprofesa umekufunza kupika, au bado unaunguza maji.

Mwanangu, nina swali la kazi yako, maana wewe ndiye unayetafuta kipi kimesababisha kipi. Tangu nianze vidonge vya moyo, namwota marehemu baba yako. Anakaa ukingoni mwa kitanda, anavua viatu polepole, na chumba kinajaa mwanga kama wa maziwa. Niliacha vidonge wiki nzima nione, kama mnavyolinganisha nyinyi. Hakuja. Nilianguka tu pale mlangoni, siyo sana, usishtuke.

Sasa daktari amenipa vidonge vingine, anasema vile vya kwanza havinifai. Nikamwambia, "Ngoja kwanza nimuulize mwanangu, naye ni daktari." Akacheka. "Mama, yule ni daktari wa hesabu."

Najua utasema nimeze. Nitameza, mama, sitaki ulie ugenini. Lakini kwanza nipigie hesabu: kilichomleta ni kidonge, au alikuja mwenyewe? Ulinieleza kwamba hesabu yenu huanza na kile mtu alichoamini kabla ya kuona lolote. Basi mimi, kabla ya kidonge chochote, niliamini baba yako hawezi kwenda moja kwa moja bila kuniaga.

Anzia hapo.

Mama yako.
Vidonge vipya viko chini ya mto, vinakungoja.