Kilima cha Baada ya Rubona

Gisenyi, Jumanne jioni

Nani alimwomba? Tangu Rusizi nimepanda kila kilima peke yangu, bila kushikilia lori hata mara moja. Hiyo ndiyo maana yote ya safari hii.

Leo, kwenye mwinuko wa mwisho baada ya Rubona, baiskeli ikawa nyepesi ghafla. Nikageuka. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika mzigo wangu kwa nyuma, ananisukuma jinsi watu wa hapa wanavyowasukuma wabeba viazi.

"Kaka, niache. Nataka kupanda mwenyewe."

"Mwenyewe ya nini, dada? Mi niko hapa. We kanyaga tu."

Akasukuma hadi juu, akipiga soga njia nzima, kisha akageuka na kushuka. Kumbe alikuwa anaelekea Rubona. Aliacha safari yake kuniharibia yangu.

Bado nina hasira. Na kibaya zaidi, goti linauma tangu jana, na ningeweza kufunga breki. Sikufunga.

Kesho asubuhi nitateremka hadi Rubona, nipande upya. Naomba tu nisimkute, kwa sababu sina hakika kama nitamkataza.