Fomu Inayodai Sahihi ya Mume

Alhamisi, Moshi

Mchana mzima umeishia kuchagua katibu! Kikundi hiki tulikianzisha sisi maofisa tunaozunguka vijijini kuwauliza watu huduma za serikali zinawakwaza wapi, ili tuambiane tuliyosikia. Leo hatukuambiana lolote.

Nilitaka kueleza habari za mjane wa Uru aliyekosa miche ya kahawa kwa sababu fomu yetu ya idara ya kilimo inadai sahihi ya mume. Mwenyekiti akanikatiza: "Dada, hilo liweke kwenye mengineyo."

Nikafunga faili kwa hasira. Mlangoni Upendo wa idara ya afya akanishika mkono. "Hata fomu yetu ya kliniki inadai hivyo. Akina mama wanarudi na watoto wao nyumbani bila kuhudumiwa."

Tukakaa ngazini, tukaziandika upya fomu zote mbili bila sahihi ya mume. Kesho nampelekea mkuu wangu ya kwetu. Naogopa atauliza nani kanituma.