Maji ya Bati la Jirani

Jumatatu, 3 Novemba

Bomba kavu, siku ya tisa. Nimefua kwa maji ya kisima, yaliyobaki nikamwagia sukumawiki. Ya kunywa yapo nusu dumu, na ni ya uji wa mjukuu wangu Nuru tu. Mama yake, binti yangu Upendo, anasoma chuo kule Makumira. Kaniachia mtoto wa mwaka na nusu, na mimi sina maji ya kumpa. Aibu.

Jumatano, 5 Novemba

Dumu limekwisha. Dukani chupa hakuna. Wapangaji wangu wanasema nichemshe ya kisima. Kuchemsha hakuondoi floraidi, madini yanayoharibu meno na mifupa. Nimekulia Oldonyo Sambu kwenye maji hayo hayo, najua. Meno yangu kahawia. Kaka yangu miguu imepinda. Nuru hayanywi, nimeapa.

Alhamisi, 6 Novemba

Asubuhi nimekuta ndoo ya bluu getini, imejaa, imefunikwa. Ni ya Mama Elibariki, jirani yangu. Hatujasemeshana tangu masika. Bati lake lilikuwa linamwaga maji yote ya mvua uani kwangu. Nikapiga kelele mtaa wetu wa Kwa Mrombo mzima ukasikia, nikamfikisha mpaka kwa balozi wa nyumba kumi. Ndipo akafunga gata, mfereji wa kukinga maji ya bati, na kuweka tangi.

Sikuigusa ndoo. Kiburi.

Saa sita Nuru akalilia uji. Nikaiingiza ndani haraka, nikitazama huku na huku kama mwizi.

Jumamosi, 8 Novemba

Ndoo nyingine. Nimepitisha mkono kwenye uzio, nikaligonga tangi lao. Tupu mpaka karibu na koki. Na mvua hakuna; Mlima Meru unajifunika mawingu asubuhi, mchana umeshayavua. Kumbe ananigawia ya mwisho. Nimelia. Naandika hapa kwa sababu sitamwambia mtu.

Jumapili, 9 Novemba

Baada ya ibada nimekwenda kwake. Nimemwomba msamaha, na asante yangu nikaitoa vibaya, kwa kigugumizi.

Akacheka. "Mama Upendo, bila kelele zako sisi tungenunua tangi lini?"

Tukanywa chai. Sijawahi kunywa chai tamu vile.

Jumatano, 12 Novemba

Jana jioni mvua, ya kwanza. Nilisimama mlangoni na Nuru mgongoni, nikisikiliza tangi la jirani likijaa. Uani kwangu halikuanguka hata tone la bati lake. Nimecheka peke yangu.

Fundi anakuja Ijumaa kunifungia gata.

Nuru ana jino jipya. Jeupe. Nimemfungua mdomo mara tatu mpaka kaning'ata. Asante Mungu.

Kesho narudisha ndoo zote mbili. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, nimeweka ndizi.