Mama Mdogo Anauza Cherehani Aje Chuoni Kwetu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, maana jambo hili limenikaa kooni, halimezeki wala halitemeki. Mimi ni karani wa usajili katika chuo kidogo cha binafsi, vyumba vitatu juu ya duka la rangi, na kazi yangu ni kupokea fomu na kila mwisho wa mwaka kuwapigia simu wahitimu niwaulize kama wamepata kazi, na mkuu wa chuo alinielekeza kwamba anayemsaidia shangazi yake kuuza vocha niandike ameajiriwa, anayelea mtoto wa jirani ameajiriwa, asiyepokea simu basi huyo yuko kazini, nami nikaandika, ndipo likapatikana bango la mlangoni linalosema tisa kati ya kumi wana kazi, na mmoja wao ni mimi mwenyewe, niliyesomea uuzaji wa dawa hapo hapo nikakaa miezi minane bila kazi hadi chuo kikanichukua nipokee fomu.

Sasa mama mdogo, aliyenilea tangu mama alipofariki na kunisomesha kwa cherehani yake, alikuja kuniletea mwavuli akalisoma lile bango, tangu siku hiyo amenunua daftari, anajifunza kuandika majina ya dawa, ananiuliza kwa aibu kama vijana watamcheka kwa miaka yake arobaini na sita, na Jumamosi mnunuzi anakuja kuchukua cherehani ili alipe ada isiyorudishwa ajiunge na kozi ile ile niliyosoma mimi, nikimwambia ukweli atajua jasho lake kwangu lilipotea bure, nikinyamaza namwangamiza, nifanyeje?

Karani wa Mlangoni

Karani, mwanangu,

Pole sana. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote nimekwama kwenye ule mwavuli. Unaogopa atajua ulikosa kazi? Kwani miezi ile minane ulikuwa unakula kwa nani? Anajua siku nyingi, na bado anakuletea mwavuli.

Ila hapa nitakugombeza. Asiyepokea simu yuko kazini! Kwa hesabu hiyo hata marehemu wana ajira. Ulielekezwa, sawa, lakini kalamu ilikuwa mkononi mwako.

Leo ukitoka kazini usimzungushe. Mwambie, "Mama, namba za lile bango niliandika mimi, na si za kweli." Akilia, kaa naye. Mnunuzi aambiwe asije. Halafu, tafadhali, usimkataze kusoma, maana ameonyesha hamu, na hamu ya mtu mzima haidharauliwi. Nendeni wote wawili kwenye maduka ya dawa, aulize mwenyewe kama wanakitambua cheti chenu na wamewahi kumwajiri nani. Atafute na wahitimu wawili watatu, wamweleze wanaishije. Akiona chuo kingine kinafaa, alipe kidogo kidogo huku akishona. Na vijana wakimcheka, wataacha siku watakapochanika suruali.

Bado kuna bango. Mbele ya mlango ule wanapita mama wadogo wa watu wengine, na wao hawana mtoto pale mezani. Mwambie mkuu kwamba kuanzia sasa utaandika unachojibiwa, na asiyejibu utaandika hajajibu. Orodha ya wahitimu wa uuzaji wa dawa walioajiriwa anza kuisahihisha kwa kufuta jina lako, maana kupokea fomu si kuuza dawa.

Mkuu akikufukuza, rudi nyumbani. Cherehani itakuwepo, na mwenyewe atakuwepo.