Usitie Sahihi Ijumaa

Mume wangu, asali wa moyo wangu,

Naandika kwa haraka, usinicheke mwandiko. Tangu jana nakupigia na simu yako haipatikani, maana huko kambini kwenu mtandao haufiki, na leo ni Jumatano. Nimesikia fundi mwenzako anapita Kasese kesho asubuhi kurudi kazini. Barua hii nitampa mkononi mwenyewe, hata nikimkimbilia stendi.

Unakumbuka siku ile, wazazi wakiwa bado hawajui habari zetu, uliponipeleka kwenye reli ya zamani ya Kasese? Wanawake walikuwa wameanika muhogo juu yake, kwa sababu treni haijapita tangu tukiwa wadogo. Wasichana wengine hupelekwa kunywa soda! Wewe ulikuja na betri ya redio, nyaya mbili na balbu ya tochi. Ukagusisha nyaya kwenye chuma chenye kutu, balbu ikakataa. Ukasugua kutu kwa ufunguo, ukagusisha tena, ikawaka.

"Umeona, mama?" ukasema. "Kutu inazuia umeme. Treni ikipita juu ya kutu kama hii, mtambo wa kuitambua treni unaweza usiione."

Mimi nilikuwa naangalia midomo yako tu, nikasema nimeona. Ee Mungu, jinsi nilivyokupenda!

Kisha harusi yetu Bwera, kanisa limejaa ndugu zako waliovuka mpaka kutoka Butembo, halafu siku tisa tu za kuamka nikiuona uso wako, kazi ya reli ikakuita mbali. Ndiyo maana Jumapili ulipotoka kambini kutafuta mtandao ukanipigia, sikukusikiliza vizuri. Uliniambia mkubwa wako amechagua vihisi vya kutambua treni vinavyopitisha umeme kwenye reli, kwa kuwa viko tayari stoo. Wewe ulitaka vile vinavyofungwa ubavuni mwa reli na kuhesabu magurudumu, visivyojali kutu. Ukasema njia hiyo treni hupita mara moja moja, hivyo kutu haikosekani. Ukasema bila sahihi yako kivuko mnachojenga, pale barabara inapokatiza reli, hakifunguliwi: ukisaini Ijumaa, Jumamosi uko nyumbani, ukikataa, huenda ukarudi bila kazi.

Nami nikakujibu nini? "Saini urudi, mpenzi. Mimi sikuolewa na simu."

Ukasema, "Sawa."

Nilicheza chumbani peke yangu. Jana nikaenda Bwera kumpa mama yako habari njema. Nilimkuta anachambua maharagwe, nikakusifia bila kupumua: betri, ufunguo, balbu, kila kitu.

"Aa, bibi-arusi!" akanitania kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Kumbe mutoto yangu alikuoa na betri, hapana na mbuzi?"

Tukacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akauliza, "Na ile yenye atasainia, inaonaka treni kama reli iko na kutu?"

Nikajibu, "Mara nyingine haioni, mama."

Akaacha maharagwe. "Na batoto ya kule banapitaka wapi kuenda masomo?"

Wanapita hapo hapo. Uliniambia mwenyewe kwamba shule iko ng'ambo ya reli. Leo wakitaka kuvuka wanasimama, wanatazama kushoto na kulia. Mkishaweka kizuizi kinachojishusha treni ikija, watafundishwa kukiamini: kikiwa juu, wapite. Na siku mtambo usipoiona treni, kizuizi kitabaki juu.

Tangu jana naogopa. Nikifumba macho namwona mtoto na mfuko wake wa vitabu, anakimbia kwa sababu amechelewa. Na kinachonitisha zaidi ni kwamba sahihi hiyo itakuwa yangu. Wewe jibu ulikuwa nalo. Ulinipigia nikutie nguvu, nami nikakuvuta kama mtoto anayevuta nguo ya mama yake akilia.

Nakusihi, mpenzi wangu, usisaini. Waandikie kwa nini umekataa, na nakala ubaki nayo. Wakikufukuza, njoo na mikono mitupu, tutakula bundu, ugali wetu wa muhogo, na sombe ya majani yake, na nitajivunia wewe mbele ya Bwera nzima.

Lakini naogopa barua hii itachelewa. Ikikukuta Jumamosi, umeshasaini, begi liko mkononi na basi linaunguruma, usipande. Nakutamani mpaka mifupa inaniuma, na bado nakuambia usipande. Rudi kivukoni, na kuanzia Jumatatu usimame barabarani watoto wanapokwenda na kutoka shule, uwazuie kwa mikono yako mpaka wakubwa wakusikilize.

Mungu akutangulie.

Mkeo